Swali la Kinywaji

Ugomvi wa asubuhi hiyo ulianzia kwenye karanga.

"Karanga huchanua juu ya ardhi. Je, huzalia wapi?" aliuliza Sista Mdogo, kwa sauti yake ile ya mtu anayeomba radhi kwa kosa ambalo bado hajalifanya.

"Chini!" Bibi Shamba alidakia. "Ua likishanyauka, kijiti chake kinainama, kinajichomeka udongoni, karanga inazalia humo humo gizani. Swali gani hili la watoto wa chekechea? Niulizeni mambo mazito."

"Hakusubiri zamu yake," Mwalimu alilalamika kutoka upande wa dirisha. "Sista, pointi hiyo ifutwe."

"Ifutwe kwa kifutio gani? Mwenye wivu ajinyonge, lakini asijinyonge na mrija wa hospitali, ni mali ya umma."

Dereva, aliyelala kwenye kiti cha pembeni ya Mwalimu, alicheka mpaka mashine yake ikalia. Sista Mdogo akakimbia kuinyamazisha. "Babu, tafadhali, usitikise mkono."

"Mwambie huyo bibi asinichekeshe. Mkono umelala, ni tumbo ndilo linalotikisika."

Hiki kilikuwa chumba cha kusafishia damu. Waliokuja humo ni watu ambao figo zao zimegoma kazi, na mashine zilizosimama kando ya viti vyao kama wapambe wa harusi ndizo zilizowafanyia kazi hiyo. Damu ilitoka kwa mrija mmoja, ikazunguka ndani ya mashine, ikarudi kwa mrija mwingine. Mgonjwa alikaa hivyo nusu ya siku, mara tatu kila wiki, wiki baada ya wiki. Huwezi kusimama wala kujigeuza upendavyo, na televisheni ya ukutani ilikuwa imekufa zamani, hakuna aliyekwenda kuizika.

Ndiyo maana kukawa na chemsha bongo. Aliyeianzisha ni muuguzi mmoja aliyekwisha kuhamishwa, na Sista Mdogo alirithi kopo kubwa la maziwa ya unga lililojaa vikaratasi vya maswali: vyakula, lugha, burudani, kilimo, historia, kila kilichompitia mtu kichwani. Alirithi pia timu mbili. Dirishani walikaa Mwalimu, mstaafu aliyefundisha historia hadi nywele zikageuka pamba, na Dereva, aliyeendesha malori ya masafa marefu na kuokota lugha njiani kama wengine wanavyookota abiria. Mlangoni alikaa Bibi Shamba, mkulima wa mboga, ambaye mwenzake wa timu alikuwa amepata figo ya ndugu yake na kwenda zake kwa furaha. Tangu hapo bibi alicheza peke yake, na alishinda, na hakuacha kuwakumbusha.

Chemsha bongo ilikuwa na sheria moja tu isiyojadiliwa: hakuna swali la kinywaji. Si chai, si maji ya matunda, si maji yenyewe. Watu hawa walipimiwa cha kunywa kwa kikombe, kwa kuwa maji yaliyoingia hayakuwa na pa kutokea mpaka siku ya mashine. Kiu waliyolala nayo ndiyo waliyoamka nayo. Siku moja ya zamani Dereva aliuliza swali kuhusu maembe ya kukamua, mchezo tu, na jioni yake Bibi Shamba akafika nyumbani akainua jagi la maji na kulimaliza. Alirudishwa hospitali akitweta kama aliyekimbizwa na ng'ombe. Toka siku hiyo, chakula ruhusa, kinywaji mwiko. Na hata chakula walikizungumzia kwa huzuni fulani ya kimapenzi.

"Ndizi mbivu," Dereva alipenda kusema, "yule ni mchumba wangu wa zamani. Tumeachana kwa amri ya daktari, si kwa kuchokana."

Sasa mlangoni palikuwa na mtu wa pili, kwenye kiti kilichoachwa wazi. Alikuwa mwanamume wa makamo, mrefu, mwenye mabega ya kuvalia suti na uso wa kupigwa picha, ila uso wenyewe aliufunika kwa shuka toka mashine ilipowashwa mpaka ilipozimwa. Mrija wake ulikuwa bado shingoni, kama ilivyo kwa wageni. Alikuwa mshereheshaji. Hata Sista Mdogo, asiyependa mikusanyiko, alimjua. Harusi, mahafali, uzinduzi wa maduka, palipokuwa na kipaza sauti palikuwa na yeye. Aliweza kuwanyanyua wajomba wanene wakacheza, na kuwanyamazisha mashangazi bila kuwaudhi, kazi ambayo wengi wameshindwa.

Lakini humo chumbani hakufungua mdomo.

"Mmenipa mchezaji bubu," Bibi Shamba alinung'unika. "Jina kubwa mjini, uwanjani hata mpira hagusi."

Shuka halikutikisika. Baadaye bibi alimvuta Sista Mdogo kwa pindo la sare na kumnong'oneza, "Nimemuumiza? Mwanangu, hebu mwangalie kama analia. Mdomo wangu huu sijui nani atanifungia."

Hakuwa analia. Alikuwa macho, anatazama kitambaa cheupe kilicho karibu na pua yake. Na Sista Mdogo alipoinama kupima presha, yule mtu alimwambia polepole, kwa sauti ambayo hata katika mnong'ono ilikuwa nzuri, "Sista, wiki hii namalizia. Nikitoka Ijumaa sirudi. Usimwambie dada yangu."

Dada yake ndiye aliyemleta kila mara. Aliketi kwenye benchi la korido na kikapu cha chakula mapajani, viazi vilivyolowekwa na kuchemshwa mara mbili na kumwagwa maji kama alivyoelekezwa, vimepoteza ladha yote lakini vimepikwa kwa upendo wote. Kila alipotoka Sista Mdogo, dada huyo alisimama. "Anaendeleaje, Sista? Ameongea?" Na Sista Mdogo alijibu, "Amepumzika," kwa sababu hilo halikuwa uongo.

Alifanya alichotakiwa kufanya: alimwambia Sista Mkuu. Sista Mkuu akamwita daktari. Daktari akakaa kwenye kigoda kando ya kile kiti na kuongea kwa upole na kwa muda mrefu, kwamba ni haki yake kuamua, kwamba aelewe maana ya kuamua, kwamba mwili usiosafishwa hausubiri. Mshereheshaji alitikisa kichwa kwa adabu kila panapostahili. Alijua kusikiliza hotuba. Daktari alipoondoka, shuka likarudi usoni.

"Tumefanya yetu," alisema Sista Mkuu, na akavua miwani akaifuta ingawa haikuwa na uchafu. "Hatuwezi kumfunga kamba."

Usiku huo Sista Mdogo hakupata maneno. Alikuwa mtu wa kupata maneno kesho yake, akiwa peke yake, akichambua mchele. Wenzake wangemkabili yule kaka na kumwambia moja mbili tatu. Yeye akifungua mdomo mbele ya watu masikio yalipata moto. Kwa hiyo alifanya kitu alichokiweza: alitafuta swali. Alipekua kalenda za zamani za baba yake, zile zenye "Je, wajua?" nyuma ya kila mwezi, mpaka akapata moja lililomtosha mtu yule kama shati la kushonewa. Alilinakili kwa mwandiko mzuri, akalikunja, akalitia mfukoni mwa sare. Si koponi. Mfukoni.

Ijumaa ilipofika, wote walikuwa wameshaunganishwa, mashine zinanguruma, na Mwalimu ameshadai kwamba timu ya mlangoni inapendelewa.

"Swali la burudani," alianza Sista Mdogo. "Zamani sinema hazikuwa na sauti. Huko Japani... huko Japani kulikuwa na mtu aliyesimama kando ya pazia, akiwaeleza watazamaji kinachotokea, akiigiza sauti za wote. Watu wengine walikuja zaidi kwa ajili yake kuliko sinema yenyewe. Je, mtu huyo aliitwaje?"

Aliutazama ule upande wa shuka. Alitazama mpaka macho yakauma.

"Mkalimani?" alibahatisha Dereva.

"Mpiga kelele," alisema Bibi Shamba. "Kila sinema ina mmoja, anakaa nyuma yangu."

"Benshi," alisema Mwalimu kwa raha. "Waliitwa benshi. Na sauti ilipoingia kwenye sinema, wakakosa kazi. Masikini, ufundi wote ule ukaishia mtaani."

Hilo la kukosa kazi halikuwa kwenye kalenda. Sista Mdogo alikuwa amempelekea mtu zawadi, na ndani ya zawadi kumbe mlikuwa na mwiba. Shuka lilipanda na kushuka na pumzi, basi. Alijisikia mjinga kabisa, mjinga mwenye mwandiko mzuri, na kwa haraka ya kutaka jambo lile lipite, alitumbukiza mkono ndani ya kopo hadi chini kabisa, akavuta kikaratasi cha kwanza kilichomgusa vidole, akakisoma bila kukitazama kwanza.

"Ukiondoa maji, ni kinywaji gani kinachonywewa kuliko vyote duniani?"

Kikaratasi kilikuwa cha kale, cha enzi za kabla ya sheria.

Hata Mwalimu, aliyekuwa na jibu la kila kitu, alifumba mdomo. Dereva alijilamba midomo, kisha akajutia kujilamba. Bibi Shamba aliugeuzia uso ukutani.

"Samahani," alisema Sista Mdogo. "Jamani, samahani. Nafuta. Nafuta swali."

"Chai," ilisema sauti chini ya shuka.

Shuka liliteremka. Mshereheshaji alikuwa na macho mekundu na ndevu za siku nyingi.

"Ni chai. Lakini mimi sitaki chai, Sista. Nataka yale uliyoyaondoa." Alimeza mate, au alijaribu. "Mnajua ukumbini, wageni wanapewa soda, maharusi wanapewa ule mvinyo wa kumimina. Mshereheshaji anawekewa glasi ya maji. Inakaa pembeni ya spika. Imetoka kwenye friji, kwa hiyo inatoa jasho kwa nje, tone linashuka mpaka kwenye kitambaa cha meza na kuacha duara. Unaongea, unaongea, unawaita ndugu wa bwana harusi, unawaita ndugu wa bibi harusi, wanagoma, unawabembeleza. Koo linakuwa kama gunia. Halafu wanapoanza kucheza, unageuka, unainua glasi ile. Ile mara ya kwanza inaposhuka..."

Hakumaliza. Sista Mdogo alijua kwamba alipaswa kumkatiza. Hii ndiyo sheria, na sababu ya sheria ilikuwa imelala pale pale mlangoni, na jagi lake la zamani. Lakini kwa mara ya kwanza yule mtu alikuwa anaongea.

"Endelea," alisema Bibi Shamba, bado ameutazama ukuta. "Usituache hapo, mwanaharamu wewe. Inaposhuka inakuwaje?"

"Inakuwa kama mtu amekusamehe," alisema Mshereheshaji.

Dereva alitoa mguno wa ndani kabisa. "Mimi ni bomba la kituo cha mafuta," alisema. "Jua la mchana, umeteremka kwenye lori, unatia mdomo bombani. Yana ladha ya kutu. Yale yenye kutu ndiyo matamu."

"Ya mtungini," alisema Mwalimu kwa sauti ndogo. "Ya mama yangu."

Kila mtu akabaki na maji yake. Kisha Mshereheshaji akasema, si kwa Sista bali kwa wote, "Daktari ananiambia nitaishi. Nitaishi nikifanya nini? Kazi yangu ni koo. Siku moja ya kazi nilikuwa namaliza maji mnayopewa ninyi kwa wiki. Nilijaribu Jumapili iliyopita. Mahafali ya chekechea tu, watoto wenye kofia za karatasi. Sauti ilikatika kabla sijafika nusu ya majina. Mzazi mmoja akaninyang'anya kipaza sauti, kwa huruma." Alitabasamu vibaya. "Kwa huruma. Nimeshawapigia wateja wote wa mwezi ujao, nimewaambia watafute mtu mwingine."

Basi, ndilo hilo. Daktari aliongea juu ya figo, Sista Mkuu juu ya ratiba, dada juu ya viazi. Hakuna aliyemuuliza kuhusu koo.

"Ulikuwa unatumia nini?" aliuliza Dereva.

"Natumia nini kivipi?"

"Hapo kwenye hao watoto. Ulikwenda mkavu mkavu?"

"Nilikunywa kikombe changu asubuhi, kikaisha."

"Kikombe kizima? Kwa mara moja?" Dereva aliwatazama wenzake kama fundi anayeonyeshwa kazi ya mwanagenzi. "Jamani, mtoto anakunywa kikombe kizima kwa mara moja!"

Hapo ndipo walipomvamia. Sista Mdogo hakuwahi kuwasikia wakiongea hivyo, wote kwa pamoja, timu zikisahaulika. Dereva alisema barafu: kipande kidogo chini ya ulimi, usikitafune, kikae chenyewe kiyeyuke, kinakupeleka mbali kuliko glasi nzima. Mwalimu alisema ndimu, kijipande chembamba, unakilamba tu, mate yenyewe yanakuja. Bibi Shamba alisema acha chumvi, kiu yote inaanzia kwenye kijiko cha chumvi. Na kikombe badilisha, tumia kile kidogo cha kahawa, macho yanaona kimejaa na moyo unatulia.

"Au sukutua," alisema Mwalimu. "Mimi nilipofundisha masomo ya jioni, tayari nikiwa mgonjwa, nilikuwa nasukutua na kutema kila baada ya mada."

"Niteme wapi?" aliuliza Mshereheshaji. "Mbele ya maharusi? Kwenye keki?"

Bibi Shamba alicheka mpaka machozi. Mashine yake ikalia, ya Dereva ikadakia, na Sista Mdogo akakimbia huku na huku akibonyeza vitufe, na katikati ya makelele yale akajisikia akipaza sauti, "Na barafu ni maji! Inahesabiwa, mnasikia? Msidanganyane!"

Walimtazama kwa mshangao.

"Kumbe ana sauti," alisema Dereva.

Mashine zilipozimwa, Mshereheshaji alivaa viatu vyake. Sista Mdogo alimfunga bandeji mpya shingoni na kutaka kumuuliza, na swali likazunguka mdomoni. Alichoweza kusema ni, "Jumatatu, kaka." Yeye akaitikia, "Asante kwa yote, Sista." Na "kwa yote" ni neno wanalolisema watu wanaoaga.

Jumamosi na Jumapili zilipita kama mtu anayevuta mguu.

Jumatatu, kiti cha pili cha mlangoni kilikuwa kitupu. Sista Mdogo aliiandaa mashine yake hata hivyo, akaisuuza mirija, akaijaribu. Bibi Shamba aliugeuza uso wake dirishani, halafu mlangoni, halafu dirishani. Hakuna aliyetaja chemsha bongo.

Sista Mkuu alikuja akasimama nyuma ya Sista Mdogo. "Kuna mama amekuja na ndugu zake kutoka mbali, hana nafasi popote. Nikimwacha mpaka kesho ataumia. Nimpe kiti hiki?"

"Tumsubiri kidogo, Sista."

"Kidogo," alisema Sista Mkuu. Hakuwa mkali. Mtu akiwa na viti vichache na wagonjwa wengi, hata huruma hulazimika kusimama foleni.

Sista Mdogo alitoka koridoni, na moyo ukamruka: dada alikuwa pale, kwenye benchi lake, na kikapu. Dada akasimama. "Anaendeleaje? Ameongea leo?"

"Hamkuja pamoja?"

"Aliondoka nyumbani kabla yangu, asubuhi na mapema. Alisema ana pa kupitia kwanza. Nikajua nitamkuta hapa." Uso wake ulianza kubadilika polepole, kama maziwa yanayoanza kukatika. "Sista. Hayumo ndani?"

Kuna maneno ambayo hakuna kesho ya kuyatafutia. Sista Mdogo alimshika mkono, akaketi naye, akamwambia. Alisema kile ndugu yake alichosema Jumatano, kwa maneno yale yale, na kwamba aliombwa asiseme, na kwamba daktari alijua.

Dada aliutoa mkono wake. "Ulijua. Kila nilipokuuliza uliniambia amepumzika."

"Ndiyo."

"Mimi nachemsha viazi mara mbili kama mwendawazimu, na wewe unajua." Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. "Nimemlea yule. Mama alipokufa nilimbeba mgongoni nikiwa mtoto mwenyewe. Ningeongea naye. Ningempigia magoti."

"Ndicho alichokiogopa, nadhani," alisema Sista Mdogo. "Ungepiga magoti, naye angekuja kwa ajili yako. Alitaka..." Hakujua alitaka nini. Machozi yalikuwa yanamshuka, na alijua haistahili, kwa kuwa mwenye haki ya kulia ni yule mwingine.

Mlango wa mwisho wa korido ulifunguliwa kwa teke.

"Msinipe pole!" ilisema sauti, na korido nzima ikageuka. Mshereheshaji alikuwa anakuja, anahema, miguu imevimba kidogo, chupa ya chai kwapani, shati limelowa ubavuni. "Msinipe pole, mimi nataka kumwona Dereva. Barafu! Mtu ananiambia barafu, haniambii barafu ipi! Nimekwenda kwa wauza samaki, nimepewa barafu, nimeiweka mdomoni, nimekuwa kama niliyekula samaki mbichi. Nimerudi. Nimekwenda kwa muuza nyama, hiyo nisiiseme. Nimezunguka mji mzima natafuta barafu safi, mpaka nimeipata hii ya kwenye chupa saa zimekwenda. Dada, mbona unalia? Nani amekufa?"

Dada alimtazama. Kisha akavua ndala moja, akamtupia.

Ilimpata begani. Aliiokota, akairudisha, akapiga goti na kumvisha mguuni taratibu, na ilionekana kwamba ameelewa. Walikaa hivyo muda kidogo, yeye chini, dada ameuweka mkono kichwani pake, kwa nguvu, kama anayezuia kitu kisipeperushwe.

Sista Mdogo aliwaacha. Alikwenda kumwambia Sista Mkuu kwamba mwenye kiti amekuja. Sista Mkuu alishusha pumzi, akachukua simu na kuanza kuzipigia hospitali nyingine, moja baada ya nyingine, kumtafutia yule mama nafasi, na aliipata ya mchana, ng'ambo ya mji.

Mshereheshaji alipounganishwa, ugomvi ulikuwa umeshaanza.

"Nilisema barafu ya nyumbani," alijitetea Dereva, "ya kugandisha mwenyewe. Nani alikutuma sokoni?"

"Friji ya dada haigandishi."

"Basi nunua friji, tajiri mzima wewe."

"Ilifanya kazi, lakini?" aliuliza Bibi Shamba.

Mshereheshaji aliweka shuka pembeni. "Barafu ndiyo kwanza nimeipata. Jana nilikuwa na ndimu ya Mwalimu tu, nikasimama mbele ya kioo. Niliwaita ndugu wa bwana harusi, niliwaita ndugu wa bibi harusi. Nilifika mpaka kwenye kukata keki." Aliangalia mikono yake. "Kukata keki, basi. Baada ya hapo sauti ikawa ya jogoo mgonjwa. Sijasema nimepona, sijasema nitaweza. Sherehe nzima siwezi."

"Nusu sherehe, nusu bei," alisema Mwalimu. "Nusu nyingine waweke muziki. Watu wenyewe huwa hawasikilizi."

"Mwalimu, wewe hujawahi kualikwa popote, unaonekana."

Sista Mdogo alitoka tena koridoni. Dada alikuwa ameketi, kikapu kimefunguliwa, anakula vile viazi visivyo na ladha yeye mwenyewe, kwa njaa ya mtu aliyesahau kula tangu juzi. Alimsogezea bakuli bila kumtazama, na Sista Mdogo akachukua kipande, wakatafuna pamoja.

"Bado nimekukasirikia," alisema dada.

"Najua, dada."

"Atakuja Jumatano?"

Sista Mdogo angependa kusema ndiyo. Alifikiria kwanza. "Sijui. Hajaniambia. Ila ameniambia nisimruhusu Mwalimu aulize swali lolote la sinema mpaka yeye mwenyewe ajiandae, kwa sababu anakwenda kutafuta habari za wale watu wa Japani. Anasema haamini kwamba wote walikosa kazi, lazima wapo waliogeuka kitu kingine."

Dada aliacha kutafuna. Ndani, mtu alikuwa anaziita timu kwa sauti ya ukumbini, iliyokwaruza kidogo pembeni: mabibi na mabwana, upande wa dirisha, tunawaomba mtulie, bibi harusi wetu wa mlangoni ana jambo la kusema kuhusu karanga.

"Utotoni hakunyamaza hata akila," alisema dada, akijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Nilikuwa nambembeleza kwa sukari angalau anyamaze. Mpelekee kipande kimoja, kabla sijamaliza vyote."